INGEKUWAJE KAMA...? "Kama" za spoti zinazokula usingizi wa watu Kisumu, kutoka NFL hadi K'Ogalo

Kaa base yoyote Kondele dakika kumi. Lazima msee mmoja ataanza na "lakini kama..." Kama refa angeona. Kama kocha angemtoa yule. Mashabiki wa futiboli ya Marekani, ile ya helmeti, wameifanya hii kuwa mchezo wenyewe: wanachukua tukio moja la kweli, wanalibadilisha, halafu wanaangalia historia ingeelekea wapi. Hii hapa rada yote, na "kama" tatu ambazo zinatugusa sisi watu wa ziwa.

Sheria za mchezo

Ni mbili tu. Ya kwanza, unabadilisha kitu kimoja, zingine zote zibaki vile zilikuwa. Ya pili, hicho kitu kiwe kidogo na kiwe kingeweza kutokea kweli.

Mfano ambao Wamarekani hawachoki nao ni Tom Brady. Kwenye drafti ya 2000, New England Patriots walimchukua akiwa wa 199. Alikuwa msee wa benchi. Tarehe 23 Septemba 2001, Mo Lewis wa New York Jets akamgonga Drew Bledsoe, mrusha mpira wa Patriots, akamuumiza vibaya ndani kwa ndani. Brady akaingia. Msimu huo huo wakabeba Super Bowl, na jamaa akastaafu akiwa nazo 7. Toa huo mgongano mmoja, na hakuna anayejua kama jina Brady lingefika hata kwetu.

Sasa angalia "kama" ambayo haiwezi. 1979 Gor Mahia walifika fainali ya Kombe la Washindi Afrika, wakapigwa na Canon Yaoundé 2-0 nyumbani na 6-0 ugenini. Nane bila, manze. Hapo hakuna bao moja la kubadilisha. Hiyo unaifunga tu unaenda kulala.

1. Kama Espérance wangepata bao moja zaidi, 1987

Miaka nane baadaye, kombe ni lile lile, sasa likiitwa Kombe la Mandela. Fainali ya kwanza Tunis: 2-2. Marudiano Nairobi: 1-1. Jumla ni 3-3, na Gor wakabeba kwa mabao ya ugenini. Kapteni alikuwa Austin Oduor. Mpaka sai, hakuna klabu nyingine ya Kenya imewahi kushinda kombe la bara.

Bao moja la Espérance pale Nairobi, na hilo kombe linapanda ndege ya Tunis. Ama toa ile sheria ya mabao ya ugenini: mnaenda penalti, na penalti hazina mwenyewe.

Unadhani naongeza chumvi? Waulize mashabiki wa Yanga. Fainali ya Kombe la Shirikisho 2023 walipoteza 2-1 Dar es Salaam, wakaenda Algiers wakashinda 1-0. Jumla 2-2, lakini USM Alger ndio walibeba, kwa sheria ile ile iliyotubeba sisi. Ulaya, UEFA waliifuta 2021.

Na hii "kama" ina uzito kuliko kabati la vikombe. Gor walishinda ligi 1995, halafu wakakaa kavu mpaka 2013. Miaka 18. Watoto walikua Manyatta na Nyalenda wakivaa kijani bila kuona ubingwa hata mmoja. Walichokuwa nacho ni story ya '87 kutoka kwa baba na wajomba. Toa hiyo story, uniambie ni nini kingewapeleka uwanjani.

2. Kama Daniel Adongo angechelewa miaka minne

Adongo, jina ambalo huku kila mtu analijua, ndiye Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Julai 2013 Indianapolis Colts walimsajili moja kwa moja kutoka raga. Futiboli ya Marekani hakuwa amewahi kucheza hata mechi moja. Wenzake walikuwa wameifanya tangu shule ya upili, halafu chuo. Yeye alijifunza akiwa tayari kazini. Alipata dakika chache, na kufikia mwisho wa 2015 safari yake na Colts ilikuwa imeisha.

Sasa skia. 2017 NFL ilianzisha mpango rasmi wa kuwafundisha wachezaji wa nje kutoka mwanzo kabisa. 2018 ukamtoa Jordan Mailata, Mwaustralia wa raga, naye pia bila mechi hata moja. Philadelphia Eagles walimchukua raundi ya 7, wakampa muda. Februari 2025 alikuwa anaanza kwenye Super Bowl, Eagles wakiwapiga Kansas City Chiefs 40-22.

Wote walitoka raga, wote walianza sifuri. Mmoja alipata mlango, mwingine alipata mlango na ngazi.

3. Kama kisigino cha Benteke kingekuwa sawa, 2014

Yule kapteni wa '87 ni mjomba wa watu, na mmoja wao ni Divock Origi. Baba yake, Mike Okoth, aliichezea Harambee Stars. Aprili 2014 Christian Benteke alikatika kano ya kisigino, nafasi ikafunguka kwa Wabelgiji, na Origi akaenda Kombe la Dunia akiwa na miaka 19. Tarehe 22 Juni aliifunga Urusi dakika ya 88. Mlango wa Kenya ukafungwa hapo.

Ruka hadi 2019. Juni 1 Origi anaifungia Liverpool kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa. Juni 23 Kenya inaanza AFCON Misri. Tukapigwa 2-0 na Algeria, tukashinda Tanzania 3-2, tukalala 3-0 kwa Senegal. Pointi 3, tofauti ya mabao -4. Afrika Kusini walipita na pointi 3 hizo hizo na -1, wakiwa wamefunga bao moja tu. Sisi tulikuwa na matatu. Yaani mabao matatu zaidi, na tunawaruka.

Afrika Kusini wakaenda kumtoa Misri kwao nyumbani. Mabao mawili ya Kenya siku ya Tanzania yalikuwa ya Olunga. Weka Origi kando yake, ufanye hesabu mwenyewe.

Kwa hivyo?

Angalia vizuri: hakuna "kama" hapa inayosema tulikosa talanta. Adongo alikosa mpango uliokuja akishatoka. Origi alikuwa na taifa lingine lililomlea tangu timu za vijana. '87 pekee ndio uzi ulivutika upande wetu, na hata hapo ni kwa sababu Gor walienda Tunis wakafunga mawili badala ya kujificha nyuma.

Msee akikuambia "lakini kama...", muulize kitu kimoja tu: ni nini hasa ungebadilisha? Akisema bahati, agiza chai, mbadilishe story.