Klachi na pampu ya mafuta kwa gari lililoongezewa tabo

Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba, iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake nyepesi huipunguzia nguvu injini ya dizeli ya Toyota 1HZ, yenye silinda 6 na lita 4.2, ambayo hutoka kiwandani bila tabo. Ikiongezewa tabo, klachi ya awali huweza kuteleza: ukikanyaga mafuta katika gia ya nne, mshale wa mizunguko hupanda, mwendo haupandi. Dawa ni presha pleti yenye springi kali na diski ya kawaida iliyoimarishwa. Diski ya seramiki hubeba nguvu zaidi lakini hushika kwa kishindo. Kwa gari la kusimama na kuondoka kutwa kwenye foleni ya malori ya shaba, ni adha tupu.

Pampu ya 1HZ ni ya kimakanika, haihisi presha ya tabo. Kufungua skrubu ya mafuta kiholela huleta moshi mweusi na joto la kuyeyusha pistoni. Afadhali kifaa cha kulinganisha mafuta na presha, pamoja na kipimo cha joto la ekzosi. Kichujio cha kutenganisha maji kifungwe kabla ya pampu yoyote mpya.