Kalasinga wa Kericho na Motokaa Kukuu

Mzaliwa wa Murera, au wa mahali popote katika nchi ya Ruiru na Thika, hana haja ya kuelezwa matope ni nini. Masika yakishika, udongo mweusi wa nyanda hizo hunata katika gurudumu mpaka lisionekane, na kule penye mashamba ya kahawa udongo mwekundu huteleza kama sabuni. Leo barabara kuu ya Thika ni pana na laini, kwani upanuzi wake ulikamilika mwaka 2012. Lakini habari ninayotaka kuisimulia ni ya siku ambapo barabara nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa za udongo na changarawe, na dereva aliyefika aendako alistahili pongezi hata kama amechelewa.

Siku hizo hizo huko Marekani, hasa katika jimbo la California, vijana walikuwa na desturi ya kununua magari makuukuu kwa bei ndogo, kuyafumua, kuyapunguzia uzito na kuyatia nguvu katika injini, kisha kuyashindanisha. Magari hayo waliyaita hot rod. Wengine walishindana katika barabara za watu wote, wakahatarisha maisha ya wapitao. Basi mwaka 1951 Wally Parks, aliyekuwa mmoja wa wapenzi wa mchezo huo, alianzisha chama cha taifa ili mbio hizo ziwe na kanuni na zifanyiwe mahali pa salama.

Kwetu Kenya mambo yalianza kwa namna nyingine. Walioanza hawakuwa vijana wa magari makuukuu, bali walowezi wenye uwezo. Walikuwa na chama chao, Chama cha Kifalme cha Wenye Motokaa cha Afrika Mashariki, na walikuwa na kiwanja cha mbio huko Langa Langa, upande wa Gilgil. Mmoja wao, Neil Vincent, alichoshwa na mbio za kuzunguka pale pale. Alimwambia binamu yake Eric Cecil, aliyekuwa katika kamati ya mashindano ya chama hicho, kwamba yeye angeshiriki mbio ambazo mtu hufunga mlango wa gari lake, akaenda nusu ya Afrika, na wa kwanza kurudi nyumbani ndiye mshindi. Cecil hakulichukua neno hilo kuwa mzaha. Mwishoni mwa Mei 1953 mashindano ya kwanza yalifanywa, yakapewa jina la Safari ya Kutawazwa, kwa heshima ya Malkia Elizabeth wa Pili aliyekuwa karibu kuvikwa taji. Magari yaligawanywa kwa bei yake dukani, wala hakukutangazwa mshindi mmoja wa wote.

Hapa msomaji na asimame kidogo. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya tangu tarehe 20 Oktoba 1952. Mwezi Aprili 1953 Jomo Kenyatta alihukumiwa kifungo huko Kapenguria. Katika mwaka ule ule ambao wachache walishindana kuizunguka Afrika Mashariki kwa kujifurahisha, Mkikuyu wa Kiambu au Thika hakuwa huru kwenda atakako. Wenye kuyasifu mashindano hayo mara nyingi hulisahau jambo hili. Mimi naona halifai kusahauliwa, ingawa silisemi ili kuwanyima waanzilishi sifa yao, maana walibuni kitu kikubwa.

Mtu aliyewafanya watu wa kawaida wayapende mashindano hayo hakutoka miongoni mwa walowezi. Alikuwa Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932, katika nchi ya majani ya chai ambako mvua haiadimiki. Kwa dini alikuwa Sikh, na watu wa kwetu humwita Sikh Kalasinga. Husemwa kwamba jina hilo latokana na Kala Singh, mfanyabiashara mmoja wa Nairobi ya kale. Makalasinga wengi walikuja na ufundi mikononi: walikuwa wahunzi, maseremala, waashi na mafundi wa mitambo, na wengi walifanya kazi katika ujenzi wa reli. Baba yake Joginder, Sardar Battan Singh, alikuwa na gereji, na mwana akakulia humo akijifunza kwa macho na mikono jinsi gari linavyofunguliwa na kufungwa.

Mwaka 1958 Joginder aliajiriwa na kile chama cha wenye motokaa, akawa mtu wake wa kwanza wa doria. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia wanachama ambao magari yao yameharibika njiani. Nadhani hakuna shule ambayo ingalimfaa zaidi. Alijionea mwenyewe ni kitu gani huvunjika kwanza katika barabara mbaya, kwa sababu gani, na jinsi kinavyoweza kutengenezwa kwa vifaa vichache. Alikuwa na umri wa miaka 26 alipoanza kushindana, umri ambao madereva wengine wamekwisha kupata jina.

Mashindano hayo, ambayo tangu mwaka 1960 yaliitwa Safari ya Afrika Mashariki, yalikuwa yamewekwa wakati wa Pasaka, yaani katika masika yenyewe. Njia ilikuwa na urefu wa maili 3,000 na zaidi. Palikuwa na vituo vya kupimia saa, na kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa kuwa pointi ya adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye aliyeshinda. Ndiyo sababu dereva mwenye papara alishindwa mara nyingi kuliko mwenye subira. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza saba tena, na Joginder alikuwa mmoja wa saba hao.

Lakini mwaka wake mkubwa ni 1965. Mwaka uliotangulia, kampuni ya Volvo ya Uswidi ilileta magari yake Kenya na haikufanikiwa. Moja la magari hayo, la namna ya PV544, liliachwa huku. Lilikuwa na umbo la mgongo wa kobe, la mtindo uliokwisha kupitwa na wakati, nalo lilikuwa limekwisha kuteswa na barabara zetu. Joginder alilichukua, akalifumua na kulijenga upya pamoja na ndugu yake Jaswant. Walipewa namba 1, wakawa wa kwanza kuondoka. Walirudi Nairobi wakiwa wa kwanza pia, na aliyewafuata kwa hesabu alikuwa nyuma kwa zaidi ya saa moja na nusu.

Kabla ya hapo Mhindi mmoja, D. P. Marwaha, alikuwa amekwisha kushinda mwaka 1954 na 1955, akiwa msaidizi wa Vic Preston. Lakini Joginder ndiye dereva wa kwanza wa asili ya Kiasia kushinda Safari. Kenya ilikuwa na umri wa miaka miwili haijatimia tangu uhuru, na watu walimpa jina la Simba wa Kenya. Mafundi Waafrika walikuwa wengi katika magereji, lakini kiti cha dereva kilihitaji gari, mafuta na vipuri, na fedha hizo hawakuwa nazo. Kwa hiyo waliokuwa wakisimama kandokando ya njia walimshangilia fundi mwenzao.

Alishinda tena mwaka 1974 kwa gari dogo la Mitsubishi, akamtangulia Björn Waldegård wa Uswidi aliyekuwa na Porsche. Mwaka 1976 alishinda mara ya tatu, akiwa na miaka 44, na magari mawili yaliyomfuata yalikuwa ya Mitsubishi pia. Katika Safari 22 alizoingia, alimaliza 19. Mimi naistaajabia hesabu hii kuliko ushindi wake wote.

Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia, ikarudishwa mwaka 2021, ikawa karibu na ziwa Naivasha. Joginder hakuiona ikirudi. Alifariki London mwezi Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81.