Mikono Miwili Tu: Historia ya Kuhuisha Moyo Uliosimama

Tarehe 3 Desemba 1732, katika mji mdogo wa Alloa huko Scotland, mchimba makaa ya mawe aitwaye James Blair alitolewa shimoni hali moshi umekwisha kumzimisha, ngozi baridi, mshipa haupigi, kinywa wazi na macho yakikodoa pasipo kuona, na kila aliyekuwapo alikwisha kumhesabu katika maiti. Mpasuaji William Tossach alipiga magoti, akaweka kinywa chake juu ya kinywa cha mtu yule, akapuliza kwa nguvu zake zote. Pumzi ikatokea puani. Akaziba pua kwa vidole, akapuliza tena mpaka kifua kikainuka, na papo hapo akahisi moyo ukipiga mara sita au saba kwa haraka. Baada ya saa moja Blair alianza kurudiwa na fahamu, baada ya saa nne akaenda nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, na baada ya siku nne alikuwa kazini.

Tossach aliandika habari hiyo mwaka 1744, na tangu hapo wanahistoria wa utabibu hulianzia jina lake. Walakini wakunga walikuwa wakiwapulizia watoto wachanga waliozaliwa kimya tangu zamani zisizo na tarehe, wala hawakumwomba mtu idhini, na matabibu wengine wa karne ile waliidharau njia hiyo kwa sababu hiyo hiyo, kwamba ilikuwa ya akina mama na watu wa chini. Hapo ndipo ulipo mzozo unaokwenda katika habari hii yote tangu mwanzo hata leo: elimu ya kumrudisha mtu aliyezimika imekuwa ikiokotwa na watu wa kawaida, ikitwaliwa na wajuzi, ikafungiwa kabatini, kisha ikarudishwa mitaani baada ya kubishaniwa sana.

Mwaka 1767, katika mji wa Amsterdam uliojaa mifereji na watu wanaokufa maji humo, wakazi waliunda chama cha kuwaokoa waliozama. Na mwaka 1774 matabibu William Hawes na Thomas Cogan wakafanya vivyo hivyo London, kila mmoja akileta rafiki 15, hata wakawa 32, na chama chao ndicho kilichokuja kuitwa Royal Humane Society. Shida yao ya kwanza ilikuwa watu kuliko dawa. Mwenye nyumba ya wageni hakutaka maiti iingizwe kwake, na mpita njia hakutaka kuigusa asije akatuhumiwa. Kwa hiyo chama kikatangaza ujira kwa kila aliyejaribu kuokoa, na ujira mkubwa zaidi kwa aliyefaulu. Ikawa kama ilivyotarajiwa na kila anayeijua tabia ya wanadamu: walaghai wa London wakaanza kuokoana wao kwa wao, huyu akijitia kuzama na yule akijitia kuokoa, kisha wakigawana fedha, mpaka chama kikaona heri kutoa nishani badala ya sarafu.

Nazo njia za uokozi zilikuwa mchanganyiko wa hekima na upuuzi. Aliyezama alipashwa moto, alisuguliwa, alipulizwa kwa kinywa au kwa mvukuto, na tena alipulizwa moshi wa tumbaku kwa njia ya haja kubwa, jambo lililoaminiwa kwa dhati hata vyombo vya kazi hiyo vikawekwa kando ya mto Thames. Mpaka mwaka 1811 Benjamin Brodie alipoonyesha kwamba kilichomo katika tumbaku ni sumu kwa moyo, na moshi ukaachwa. Kilichosikitisha ni kwamba pumzi ya kinywa nayo iliachwa. Wataalamu wa hewa walipogundua kwamba sisi hutoa hewa iliyokwisha kutumika, ilionekana aibu kumpa mgonjwa uchafu wa mapafu ya mwingine, na mvukuto ukapewa heshima. Kisha ikadhihirika kwamba mvukuto huweza kupasua mapafu, nao ukatupwa. Kwa zaidi ya miaka 100 iliyofuata watu walifundishwa kumlaza mgonjwa kifudifudi au chali, wakimbana mgongo na kumvuta mikono kwa njia za Silvester, Schäfer na Holger Nielsen, na maskauti na polisi wa nchi nyingi walizikariri njia hizo kwa bidii katika miaka ya 1950, ingawa hewa iliyoingia mapafuni ilikuwa kidogo mno.

Aliyeirudisha pumzi ya kinywa katika heshima yake ni James Elam, tabibu wa Marekani, ambaye mwaka 1946, katika wodi ya ugonjwa wa kupooza mjini Minneapolis, alikutana na mtoto aliyekuwa akigeuka rangi ya buluu, akampulizia puani bila kungoja mashine, na mtoto akarejea. Elam alipima baadaye akakuta kwamba hewa tunayoitoa ingali na oksijeni kama sehemu 16 katika mia, wakati ile tunayoivuta ina 21. Baki hiyo yamtosha mtu kabisa. Mwaka 1956 alifuatana safarini na Peter Safar, mzaliwa wa Vienna na tabibu wa nusukaputi katika hospitali ya mji wa Baltimore, nao wakazungumza njia nzima. Safar akafanya jambo ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingeliruhusu: aliwapata wenzake na wanafunzi waliokubali kwa hiari kulegezwa viungo kwa kurare, ile sumu ya mishale ya wenyeji wa Amerika ya Kusini, wasiweze kuvuta hata pumzi moja, kisha akawaita watu wasio matabibu, wakiwamo vijana wa skauti, wawapulizie. Wakawapulizia, na damu ya wale waliolala ikabaki imejaa oksijeni. Na mbele ya macho ya wote ikabainika kwamba ulimi ndio uzibao njia ya hewa, na kwamba kuinamisha kichwa nyuma na kuinua kidevu huifungua.

Ilibaki habari ya moyo. Huko Ulaya Friedrich Maass wa Göttingen alikwisha kukandamiza kifua cha mtu kwa mikono mwaka 1891 na kumwokoa, lakini ulimwengu ulimsahau, na kwa miaka mingi moyo uliposimama mpasuaji alishika kisu, akapasua ubavu, akautia mkono ndani na kuukamua. Njia hiyo ilikuwa ya chumba cha upasuaji, haikuwa ya sokoni wala ya barabarani.

Waliobadili mambo walikuwa mafundi wa umeme. Makampuni ya umeme ya Marekani yalikuwa yakipoteza wafanyakazi waliokuwa wakishika nyaya juu ya nguzo, mioyo yao ikitetemeka ovyo bila kusukuma damu. Kwa hiyo yakagharimia utafiti, na miongoni mwa waliouchukua alikuwamo William Kouwenhoven, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, aliyetafuta kwa miaka na miaka mashine ya kuushtua moyo kwa umeme pasipo kupasua kifua. Mwaka 1958 mwanafunzi wake Guy Knickerbocker, akifanya majaribio juu ya mbwa, aliona jambo dogo ambalo jicho lisilo makini lingelipita: alipovigandamiza kifuani vibati vizito vya mashine, kabla ya kufungua umeme wowote, msukumo wa damu katika chombo cha kupimia ulipanda. Uzito wa vibati peke yake ulikuwa ukisukuma damu. Wakaacha vibati, wakatumia viganja, wakatafuta mahali, kina na mwendo. Na James Jude, mpasuaji kijana, akaipeleka habari hiyo kwa wagonjwa. Mmoja wa wa kwanza alikuwa mwanamke ambaye moyo wake ulisimama kwa ajili ya dawa ya usingizi, wala hapakuwa na kisu karibu. Jude alikandamiza kifua, na mshipa ukaanza kupiga tena. Mwezi Julai 1960 watatu hao walichapisha habari za wagonjwa 20, ambao 14 kati yao walipona, wakatamka kwamba kazi hii haihitaji chombo chochote ila mikono miwili, na kwamba yaweza kufanywa na yeyote, mahali popote. Mwaka huo huo, katika mkutano wa matabibu wa Maryland, mikono ya Kouwenhoven na pumzi ya Safar ziliunganishwa kuwa huduma moja, hii ambayo leo wengi huijua kwa herufi za CPR.

Mtu angedhani kwamba baada ya tamko kama hilo milango ingefunguliwa. Sivyo. Matabibu waliogopa mbavu kuvunjika na ini kupasuka mikononi mwa wasiojua, na katika miaka ya 1960 mafunzo ya kukandamiza kifua yaliwekewa matabibu, wauguzi na wahudumu wa uokozi; ilikuwa mwaka 1974 ndipo miongozo ya Marekani ilipopendekeza waziwazi kwamba umma wote ufundishwe. Katika kipindi hicho cha kusitasita watu wengine hawakungoja. Safar mwenyewe, mjini Pittsburgh, mwaka 1967 aliwafunza vijana Weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao wasio na kazi, wakawa wahudumu wa gari la wagonjwa la Freedom House na kuipita kwa ustadi polisi iliyokuwa ikifanya kazi hiyo, ingawa mji uliwafungia mwaka 1975. Katika mji wa Seattle mwanzoni mwa miaka ya 1970 tabibu Leonard Cobb na wakuu wa zimamoto waliwaita makarani, waalimu na wenye maduka, wakawafunza kwa makumi ya maelfu, kwa hoja nyepesi kwamba gari la zimamoto, hata likienda mbio namna gani, haliwezi kumtangulia mtu ambaye tayari amesimama ubavuni pa mgonjwa.

Lakini watu hawakandamizani vifua kwa kujifunza, kwani kuukandamiza kwa nguvu moyo ulio mzima ni hatari. Ndipo lilipoingia jina la Asmund Laerdal, mtengenezaji wa vinyago vya watoto katika mji wa Stavanger, Norway, aliyemtoa mwanawe mdogo Tore majini akiwa karibu kufa, na ambaye alikuwa amekwisha kupata sifa kwa mwanasesere wa plastiki laini aitwaye Anne. Tabibu Bjørn Lind alimwomba sanamu ya ukubwa wa mtu, na Safar akamshauri atie springi kifuani ili kifua kibonyee na kurudi. Laerdal alichagua sura ya mwanamke kwa kuwa wanaume wa siku zile walikataa kubusu sanamu ya mwanamume, na sura yenyewe aliitwaa kutoka kinyago cha gipsi cha msichana ambaye, kwa mujibu wa hadithi, aliopolewa katika mto Seine mjini Paris mwishoni mwa karne ya 19 bila kujulikana jina. Tangu mwaka 1960 sura hiyo imepuliziwa na mamilioni ya watu.

Kama kuna aliye na tashwishi kwamba kuufunza umma huokoa roho, na aitazame Denmark. Kuanzia mwaka 2005 nchi hiyo iliyatia mafunzo haya katika shule, na baadaye kuyafanya sharti kwa anayetaka leseni ya udereva. Na wachunguzi walipohesabu, waliona kwamba mwaka 2001 waliopewa huduma na wapita njia, kati ya waliosimama moyo nje ya hospitali, walikuwa 21 katika mia, na mwaka 2010 walikuwa karibu 45. Nao waliofika siku ya 30 wakiwa hai walitoka 3.5 katika mia wakafika 10.8. Wengine wataona kwamba kumi ni kichache. Kwa mwenye baba mmoja si kichache.

Wapenzi wa kandanda wamekwisha kuliona jambo hili kwa macho. Tarehe 17 Machi 2012 Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani London pasipo kuguswa na mtu. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, na muda wote huo palikuwa na mikono juu ya kifua chake, mikono ya matabibu wa timu na ya Andrew Deaner, tabibu wa moyo aliyeshuka kutoka jukwaa la watazamaji. Aliishi. Marc-Vivien Foé wa Kamerun, aliyeanguka Lyon mwaka 2003, hakuishi.

Kwetu mambo huenda kwa namna nyingine, na hapa nitasema bila kuremba. Mtu akianguka kituo cha basi, hukusanyika umati. Mmoja humwagia maji, mwingine humpepea kwa gazeti, wa tatu huamuru watu wasogee na yeye hasogei, kisha anatupwa nyuma ya gari au anapakatwa juu ya bodaboda, kichwa kikining'inia, ulimi umeziba koo. Na anapofika hospitali baada ya nusu saa husemwa kwamba ajali yake ilikuwa imefika, hukumu ambayo hutolewa na watu ambao hawakugusa kifua hata mara moja. Kila dakika inayopita bila kukandamiza hupunguza tumaini lake kwa sehemu 7 hadi 10 katika mia. Wengine huona haya kugusa kifua cha mwanamke asiye maharimu wao. Wengine huogopa polisi. Wengine huogopa kumvunja mbavu, kana kwamba ubavu hauungi.

Kazi yenyewe ni hii. Mwite na kumtikisa mabega. Asipojibu, na asipovuta pumzi kama ilivyo ada, mhesabu kuwa moyo umesimama, wala usidanganywe na kukoroma kwa mara moja moja, kwani huko si kupumua. Tuma mtu apige simu na mwingine akatafute mashine ya kushtua moyo ikiwapo jirani. Mlaze chali pagumu, si kitandani, weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua juu ya mfupa wa kidari, kiganja cha pili juu yake, nyoosha viwiko, ukandamize kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukikiachia kifua kiinuke kila mara. Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla, kukandamiza peke yake yatosha kwa asiyefunzwa kupuliza, na tangu mwaka 2008 chama cha moyo cha Marekani kimelisema hilo kwa umma. Aliyezama ana hali yake: oksijeni ndiyo iliyomwishia kwanza, kwa hiyo anayejua ampulizie, pumzi mbili kila baada ya kukandamiza mara 30, na watoto kadhalika. Kwa watu wa pwani na wa maziwa, wanaoishi na vyombo na wavuvi, pumzi ya Tossach haijapitwa na wakati.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono rai ya kuwafunza watoto wa shule saa mbili kila mwaka kuanzia umri wa miaka 12. Mwalimu asiye na sanamu ya Stavanger aweza kuanza kwa mto mgumu juu ya sakafu na saa ya mkononi ya kuhesabia mwendo, wanafunzi wakibadilishana kila dakika mbili, maana anayekandamiza vizuri huchoka mapema, na kubadilishana ni sehemu ya mafunzo.