Mnazi, Mgema na Tembo: Historia ya Kileo cha Nyumbani huko Kanga

Katika kijiji cha Kanga, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, historia ya kileo kinachotengenezwa nyumbani haitenganiki na historia ya umiliki wa minazi, kwa kuwa mti utoao tembo ndio huohuo uzaao nazi, na karara, yaani shada la maua machanga likiwa bado ndani ya ala yake, likishagemwa halizai tena. Aliyeamua kugema aliamua pia kuzikosa nazi, na uamuzi huo haukuwa mikononi mwa kila mtu.

Kusini mwa kisiwa na katika kisiwa kidogo cha jirani cha Chole, mashamba makubwa ya karne ya 19 yalikuwa ya watu wa asili ya Omani na yalihudumiwa na watumwa, na shabaha yake ilikuwa soko, hasa la mbata, yaani nyama ya nazi iliyokaushwa ili ikamuliwe mafuta. Kaskazini mambo yalikuwa mengine. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake huko mwaka 1965, alionyesha kuwa minazi ilimilikiwa na mtu mmojammoja, wanawake wakiwamo, na kurithiwa kwa sheria ya Kiislamu, ilhali ardhi ya kilimo cha kuhamahama ilikuwa ya koo. Jambo hili lastahili uzito zaidi kuliko linavyopewa kwa kawaida, kwani mwenye mnazi wake ndiye aliyeweza kuchagua baina ya mbata na tembo.

Mgema hupanda kwa vidato vilivyochongwa shinani, akalikata karara kwa kotama, kisu kilichopinda, kisha akatundika kibuyu cha kukingia utomvu. Utomvu huo una sukari nyingi, na kwa kuwa hamira ya asili imekwisha kujijenga kibuyuni, huanza kuchacha kabla haujateremshwa: mwanzoni ni tembo tamu, baada ya saa kadhaa ni tembo kali, na ukiachwa siku chache huwa siki. Kwa kulinganisha na vileo vya kwingineko, gazeti moja la Hudson, New York, lilieleza mwaka 1806 kuwa kokteli ni kileo kikali kilichochanganywa na sukari, maji na dawa chungu. Katika tembo, maji na sukari hutoka mtini pamoja, na anachokitawala mtengenezaji ni muda tu. Whiski ya Scotland hukaa kwenye mapipa ya mwaloni kwa miaka isiyopungua 3, ilhali tembo halingoji kesho.

Mwaka 1890, ambao Mafia iliwekwa chini ya Ujerumani, Mkataba wa Brussels uliwekea vizuizi uingizaji wa pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na ule wa Saint-Germain wa 1919, Waingereza wakiwa wamekwisha kukitwaa kisiwa, ukaendeleza njia hiyohiyo. Hivyo whiski ikawa kinywaji cha Wazungu, na gongo, ipatikanayo kwa kuchemsha kileo na kuupoza mvuke wake, ikatengenezwa kwa kujificha.

Uislamu, dini ya wenyeji wa Kanga, umeharamisha ulevi, lakini katika mapishi ya pwani tembo lilikuwa na kazi nyingine kabla hamira ya dukani haijaenea: lilitiwa katika unga wa mchele ili vitumbua viumuke, na lililochacha kabisa likawa siki ya achari.