Boti ya mbao barabarani: namna ya kulinda mkuku

Fundi akiitwa Kalemie ao Baraka kuangalia boti iliyofika juu ya kamyo, kwanza analala chini kwenye mchanga na kuangalia mkuku. Huo ni ule mti mrefu unaopita chini katikati, toka mbele hadi nyuma. Mbavu zote zinashikwa pale, na mbao za kwanza za pembeni zinaanzia pale. Mkuku uliopasuka unaweza kukaa siku nyingi bila kuonyesha kitu. Unaonyesha siku ya mawimbi, mbali na nchi kavu, wakati watu na mizigo wako ndani.

Kwa nini boti inaumia njiani kuliko ndani ya maji? Juu ya ziwa, maji yanaibeba pande zote kwa usawa. Juu ya kamyo inabebwa na magogo mawili ao matatu tu, na kila shimo la barabara linapiga pale pale. Gogo moja likiwa mbele na lingine nyuma, tumbo linashuka. Likiwa moja tu katikati, ncha mbili zinaning'inia. Dawa yake ni mbao ndefu na nene inayolala chini ya mkuku wote, ikikaa juu ya magogo ya kukingama, yasiyopungua matatu. Uzito uende kwenye mkuku. Pembeni boti inashikwa tu isianguke, kwa mifuko ya mchanga ao mapine ya zamani.

Ndani isibaki kitu. Mota inatolewa, hata kama safari ni ya kilometa tano, sababu ikiruka-ruka inapasua mbao ya nyuma. Nyavu, nanga, bidoni za esansi, vyote vishuke. Hapa ndipo watu wengi wanakosea: wanaona boti ni kama sanduku, wanaijaza magunia ya mihogo ili kulipia safari. Kamba nayo isikazwe sana juu ya kingo bila kuweka mti wa kukingama ndani, maana mbavu zinabanwa na misumari inalegea. Baada ya kilometa ya kwanza shofa asimame, kamba zikazwe tena.

Kazi hii si ya leo. Mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza, Waingereza walileta boti mbili za mota, Mimi na Toutou, kila moja urefu wa metre 12 hivi, kutoka Afrika Kusini hadi Ziwa Tanganyika. Toka Fungurume hadi Sankisia hapakuwa na reli. Zilivutwa zaidi ya kilometa 200, kupita milima ya Mitumba, kwa mashine za mvuke, ng'ombe na nguvu za wenyeji wengi sana waliokata njia na kujenga madaraja. Mwezi wa 12 ziliingia ziwani karibu na Kalemie ya leo, na tarehe 26 zikakamata meli ya Wajerumani, Kingani. Majina ya boti yanajulikana. Ya wale waliozivuta, karibu yote yamepotea.

Boti ndogo za tanga za michezo, kama ile 420 iliyochorwa Ufaransa, ziko na hatari yao nyingine. Katikati kuna ubao unaoshuka ndani ya maji kuzuia boti isisukumwe pembeni na upepo. Juu ya remorki, kamba inayouinua ikilegea, ubao unaanguka na kugonga chuma, na unapasuka pale pini inapopita. Afadhali kuutoa kabisa na kuufunga ndani ya blanketi. Tundu la pini likipanuka, linakaushwa vizuri, linajazwa kolo ya epoksi, halafu linatobolewa upya kwa kipimo chake. Hivyo maji hayaingii tena ndani ya mti.

Kwa mkuku wa boti ya uvuvi, ufa unaofuata nyuzi za mti unaweza kutengenezwa: kukausha kivulini, kusafisha, kutia kolo na kukaza kwa bolti zinazopita upande hadi upande. Ufa unaokata nyuzi ni mambo mengine. Kipande kibovu kinakatwa kwa mshazari na kuunganishwa na kipya, na mshazari huo uwe mrefu, kama mara nane ya unene wa mti. Kupigilia bati juu ya ufa ni kuficha ugonjwa. Chini yake mti unaoza taratibu.

Boti iliyokaa juani wiki nyingi, mbao zake zinakauka na kuachana. Nafasi zinazibwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta ya mawese. Kisha, kabla ya kurudi ziwani, inamwagiwa maji ndani, inaachwa siku moja ao mbili mpaka mti uvimbe. Pale matone yanapotokea chini, fundi anaweka alama kwa makala.

Kuhusu malipo, mwenye boti na shofa waangalie mkuku pamoja kabla ya kupakia, na tena kabla ya kushusha, mbele ya mtu wa tatu. Boti ikishagusa maji, hakuna anayeweza kuonyesha ufa ulipatikana wapi.