Nauli ya Kitabu

Kitabu nilikinunua mwaka 2018 kandokando ya Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, kwa mzee anayepanga vitabu vya mitumba juu ya turubai na kuvifunika kwa nailoni kila mawingu yakikusanyika. Ilikuwa riwaya ya upelelezi ya Kiingereza, jalada limejikunja pembe, Sh 2,000 baada ya kuvutana kidogo. Nilitaka tu kitu cha kusoma kwenye mwendokasi. Nilipopata kiti, tukiwa tumeshafika Magomeni, ndipo nikaona ndani ya jalada stika ya manjano yenye namba ndefu na maelezo mafupi: kitabu hiki hakijapotea, kinasafiri, aliyekipata aingie kwenye mtandao wa BookCrossing, aandike namba hii, aseme kimefika wapi.

Niliandika namba. Ikatokea orodha ya wasomaji sita, kila mmoja na maneno yake mawili matatu. Wa kwanza, mwenye kitabu, alikuwa Finland, mwaka 2009. Kikaenda Uholanzi, kikaenda Uingereza kwa watu wawili, kikateremka Ureno, kikavuka hadi Afrika Kusini. Kila aliyekipokea aliandika karibu jambo lile lile: kimefika leo kwa posta, nimekipenda au sikukipenda, kesho nakituma kwa anayefuata. Msomaji wa Afrika Kusini aliandika kwamba kimefika, basi. Baada yake kuna ujumbe wa mwenye kitabu akiuliza kiko wapi, kisha wa msomaji mwingine, wa mwaka 2012, akisema kwamba huenda sasa tukubali kimepotea Afrika.

Sentensi hiyo ilinikaa rohoni. Kitabu kilikuwa mapajani mwangu, kizima, kurasa zote zipo. Hakuna anayejua kilipandaje kutoka Afrika Kusini hadi kwenye turubai la Samora, lakini kupotea hakikupotea. Kilikuwa kinasomwa.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza. Leo naandika tasnifu ya uzamili kuhusu historia ya posta Afrika Mashariki, na msimamizi wangu hajui kwamba kilichonifikisha huko ni stika.

BookCrossing ilianzishwa Aprili 2001 na Mmarekani Ron Hornbaker. Wazo la awali halikuhusu posta hata kidogo: unakipa kitabu namba, unakiacha kwenye benchi au mgahawani, unangoja atakayekiokota aseme neno. Lilivuma haraka, mwaka 2004 neno lenyewe liliingia katika kamusi ya Concise Oxford English Dictionary. Lakini vitabu vingi vilivyoachwa mabenchini vilikaa kimya. Aliyeviokota alivisoma, au hakuvisoma, wala hakuandika. Wanachama waliotaka kujua hatima ya vitabu vyao wakageukia teknolojia ya zamani zaidi, bahasha na stempu, wakabuni walichokiita pete. Mwenye kitabu anakitangaza. Wanaokitaka wanajiandikisha, kila mmoja akitaja nchi yake na nchi anazoweza kutuma. Mwenye kitabu anapanga foleni kwa kuangalia ramani, majirani wakae pamoja ili stempu zisiwe ghali. Ukimaliza kusoma, unamwomba anayefuata anwani yake kwa faragha, unafunga kifurushi, unalipa. Mwishowe kitabu kinarudi kwa mwenyewe. Kama hakikusudiwi kurudi, kinasonga mbele tu, basi hiyo si pete tena, ni mwale.

Riwaya yangu ilikuwa katika pete. Afrika Kusini iliwekwa mwisho wa foleni kwa sababu ya ramani ile ile: ilikuwa mbali kuliko wote, na ndiyo iliyopewa kazi ya kukirudisha Finland, safari ya gharama kubwa kuliko zote.

Kuzungusha vitabu si uvumbuzi wa intaneti. Katika karne ya 18 Waingereza walikuwa na vyama vya vitabu ambavyo wanachama wake walichanga fedha, wakanunua vitabu na kuvipitisha nyumba kwa nyumba. Ila wale walikutana kanisani na sokoni; aliyekikalia kitabu alijulikana kwa sura. Jambo jipya mwanzoni mwa karne hii lilikuwa kumtumia kitabu chako mtu usiyemjua, katika nchi usiyowahi kufika, bila shilingi kubadilishana mikono.

Kufanya hivyo kunahitaji namna ya kuaminiana, na watu walijaribu njia mbalimbali. PaperBackSwap, iliyoanza Marekani mwaka 2004, ilitoa salio moja kwa kila kitabu ulichotuma, na salio moja lilikupa kitabu kimoja. Iliwahudumia wenye anwani za Marekani tu. Ukiuliza kwa nini, jibu liko mwaka 1938, Rais Roosevelt alipotoa tangazo lililoshusha nauli ya vitabu katika posta ya nchi hiyo hadi senti moja na nusu kwa ratili, umbali uwe wowote. Kabla ya hapo magazeti yalisafiri kwa bei ya kutupa na vitabu vikalipa kama vifurushi vya kawaida, kadiri ya umbali. Nauli ile imebadilika jina na bei mara nyingi, lakini mpaka leo Marekani ina kiwango maalumu cha vitabu. Wamarekani waliokuwa wakibadilishana vitabu mwaka 2004 walikuwa wanakula matunda ya mti uliopandwa na babu zao.

Mwaka 2006 ikaja BookMooch ya John Buckman, naye pia Mmarekani, ambaye wazo lilimjia Norwich, Uingereza, alipoona rafu ya acha-kitabu-chukua-kitabu katika jumba la jamii. Jina lake kwa Kiswahili ningelitafsiri kudoea vitabu. Ni utani, maana sheria zake hazikumpa doezi nafasi. Mkono mtupu haulambwi: uliorodhesha vitabu vyako, kila kimoja kikakupa sehemu ya kumi ya pointi; ukituma kitabu ndani ya nchi yako ulipata pointi moja; ukiomba kimoja ulikatwa moja. Hapo hakuna jipya. Jipya lilikuwa mipakani. Aliyeomba kitabu kutoka nchi nyingine alikatwa pointi mbili, na aliyekituma alipewa tatu.

Fanya hesabu. Pointi moja imezaliwa hewani. Mwanauchumi angenung'unika kwamba huo ni mfumuko, na angekuwa sahihi, kwa kuwa pointi zikizidi vitabu, wenye pointi watakaa wakingoja. Lakini mimi naona ni kanuni nzuri kuliko zote nilizokutana nazo katika historia hii. Buckman alikubali kwamba umbali una gharama, kwamba gharama hiyo inamwangukia mtumaji, na kwamba isiachwe imkalie mpokeaji peke yake. Pointi ya hewani ilikuwa ruzuku ya bahari.

Serikali za dunia zilihitaji karibu miaka mia kulifikia wazo linalokaribiana na hilo. Mkataba wa Bern wa Oktoba 9, 1874, uliounda Umoja wa Posta Duniani, ulisema kila nchi itabaki na fedha za stempu inazouza na itagawa bure barua zinazotoka kwingine. Dhana iliyokuwa nyuma yake ilikuwa tamu: kila barua huzaa jibu, kwa hiyo mizigo italingana. Haikulingana. Nchi zilizopokea mzigo mkubwa kuliko ziliotuma zilibeba kazi ya kusambaza barua na magazeti ya wenzao bila malipo, mpaka mkutano wa Tokyo wa mwaka 1969 ulipoamua kwamba anayetuma zaidi amlipe anayegawa. Nilipoisoma habari hiyo maktaba nilicheka peke yangu. Kanuni ya tatu kwa mbili ilikuwa binamu yake, iliyoandikwa na mtu mmoja kwenye kompyuta.

Kisha, Mei 14, 2007, posta ya Marekani iliacha huduma ya kutuma mizigo ya nje kwa meli. Tarehe hiyo haikumbukwi sana, lakini kwa wabadilishaji vitabu ilikuwa kama daraja limebomolewa. Kwa meli kitabu kilichukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na ilikuwa nafuu. Kuanzia siku hiyo aliyetuma kitabu kimoja ng'ambo alilipia ndege. Pointi tatu hazikutosha kufidia. BookMooch ilimpa kila mwanachama nafasi ya kuchagua: natuma duniani kote, niulizwe kwanza, au natuma nchi yangu tu. Chaguo hilo la tatu ndilo ukuta. Orodha ya kitabu changu inaanza mwaka 2009 na haina Mmarekani hata mmoja. Sidhani ni bahati tu.

Kwetu huku jambo hili lina uchungu wake, maana vitabu vilivyotumika vimekuwa vikitufikia muda mrefu kwa mlango mwingine. Mwaka 1954 Hermione Ranfurly, mke wa gavana wa Bahamas, alianza kukusanya vitabu vya kugawa. Kazi yake ikakua ikawa Ranfurly Library Service, ambayo tangu mwaka 1994 inaitwa Book Aid International, na vitabu vyake vimejaza rafu Kenya, Tanzania na kwingineko. Nimesomea baadhi yake shule ya msingi na sina neno baya. Lakini kontena la msaada halikuulizi una nini nyumbani. Linakuja na linachoamua kukuletea. Pete inakuuliza unataka kipi, na inakudai ukipeleke mbele. Katika foleni msomaji wa Dar es Salaam na wa Lisbon ni namba tu, na kila mmoja ana zamu ya kutoa.

Kulikuwa na kitu cha katikati, na ndicho ninachokitafiti. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1948, haikuchapisha vitabu tu. Ilituma masanduku ya vitabu kwenye taasisi za Kenya, Uganda na Tanganyika, na ilikuwa na maktaba ya posta kwa msomaji mmoja mmoja: aliye mbali na mji aliletewa kitabu, akasoma, akakirudisha kwa posta, akaletewa kingine. Ilikuwa mali ya serikali ya kikoloni, yenye mawazo yake kuhusu Mwafrika asome nini, na hilo nalisema wazi katika sura yangu ya tatu. Hata hivyo ilimchukulia mtu wa sanduku la posta kuwa msomaji anayeaminika kurudisha kitabu.

Anayeaminika kurudisha. Hapo ndipo sina budi kusema yaliyotokea mwaka ule wa 2018.

Nilimwandikia mwenye kitabu Finland. Alijibu kesho yake, kwa furaha nisiyoitegemea, akanipa anwani. Nilimwambia nakituma wiki ijayo. Nikaenda dirishani, karani akakiweka kwenye mizani, akataja bei. Ilikuwa mara kadhaa ya nilizomlipa mzee wa Samora. Ilikuwa chakula changu cha mchana cha wiki nzima na zaidi. Nikasema nitarudi boom likitoka. Boom likatoka, likaisha. Likatoka jingine. Muda huohuo nilijiunga na BookMooch, nikaorodhesha vitabu kumi, nikapata pointi yangu moja, na nilipoulizwa natuma wapi nikachagua nchi yangu tu, kama Mmarekani yeyote. Hakuna aliyeniomba kitabu. Pointi ile sikuitumia kamwe.

Kwa hiyo kwa miaka sita kitabu kilikuwa kimepotea Afrika kweli, na aliyekipoteza ni mimi. Msomaji wa Afrika Kusini niliyemhukumu ndani ya mwendokasi huenda naye alisimama mbele ya mizani kama ile.

Mwezi uliopita, baada ya kuandika kurasa arobaini kuhusu watu waliorudisha vitabu kwa posta, nilishindwa kuendelea. Nilimwandikia tena, nikaomba radhi, nikauliza kama anwani ni ile ile. Ni ile ile. Hakunilaumu. Aliomba jambo moja tu: nisiweke lebo ya mashine, niweke stempu za kubandika, mjukuu wake anazikusanya.

Gramu 310 pamoja na bahasha ya kaki. Karani alifungua daftari lake la stempu, akasema za bei hiyo hana, itabidi zipangwe nyingi ndogondogo. Tulizihesabu pamoja, watu wakijipanga nyuma yangu. Zilijaza upande mzima wa bahasha, na anwani ikabidi niiandike upya upande wa pili.