Machi 2013: Betri Zilipoisha Kabla ya Kura

Jumatatu, Machi 4, 2013, Wakenya walipanga foleni kabla hakujapambazuka. Ndani ya madarasa, makarani walifungua laptopu za kuwatambua wapiga kura kwa alama za vidole. Baadhi zilikataa kuwaka. Nyingine ziliwaka lakini karani hakuwa na nywila. Zilizofanya kazi zikaanza kuzimika betri zilipoisha, na madarasa mengi hayakuwa na umeme wa kuzichaji. Ikabidi kurudi kwenye daftari la karatasi.

Huko Bomas, kwenye kituo kikuu cha kujumlisha kura, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Matokeo yaliyotumwa kwa simu yalikwama seva ilipolemewa. Skrini zilionyesha kura zilizoharibika zaidi ya 300,000, kisha tume ya uchaguzi, IEBC, ikaeleza kwamba programu ilikuwa ikizizidisha mara 8. Hesabu ya mwisho, kura zote zilipojumlishwa, ilikuwa takriban 108,000. Kosa la namna hiyo hunaswa mapema pale majaribio yanapopewa muda.

Kinachouma ni kwamba nchi ilikwisha kufaulu katika jambo hilihili. Tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa 2007, ilipendekeza matokeo yatumwe kielektroniki. Mfumo ukajaribiwa kwanza katika chaguzi ndogo za Shinyalu na Bomachoge mwaka 2009. Kwenye kura ya maoni ya Agosti 2010, matokeo ya awali yalimiminika usiku uleule. Ulikuwa mfumo mdogo, na waliouendesha waliujua.

Mwaka 2012 yakaja makubwa: kuandikisha, kutambua na kutuma matokeo, yote kwa mashine mpya. Zabuni ya vifaa vya uandikishaji ilizua mvutano hadi ikafutwa, serikali ikavinunua kwa mkopo kutoka Canada. Uandikishaji ukaanza Novemba 19 na kupewa siku 30. Tarehe ya kura haikusogea, hivyo kila wiki iliyopotelea kwenye zabuni ilikatwa kwenye mafunzo ya makarani na majaribio. Mashine zilisingiziwa, kilichoanguka ni ratiba.

Mahakama ya Juu, ilipoidhinisha matokeo ya urais, ilipendekeza ununuzi wa vifaa hivyo uchunguzwe na wahusika washtakiwe ikibidi. Wakenya watapiga kura tena Agosti 2027. Bunge na IEBC wafunge zabuni zote mapema, ili makarani wapate miezi, si siku, ya kuzizoea mashine.